Kanisa la Wanajeshi la Lviv

Kanisa la Watakatifu Petro na Paulo lilijengwa na Wajesuiti kati ya 1610 na 1630, karibu na uwanja wa soko wa Lviv, magharibi mwa Ukraine ya leo. Shirika lao lilipovunjwa mwaka 1773, Austria iliyokuwa imeutwaa mji ikaligeuza kuwa kanisa la askari wa kambi. Wasovieti walilifunga mwaka 1946. Mwaka huohuo Kanisa Katoliki la Kigiriki la Ukraine lilipigwa marufuku, waumini wake wakasali mafichoni hadi 1989. Jengo likawa ghala la maktaba. Kwa miaka 65 vitabu vilirundikwa chini ya dari lililopakwa picha za watakatifu.

Milango ilifunguliwa tena Desemba 2011, mara hii mikononi mwa Wakatoliki wa Kigiriki, chini ya padri kijana Stepan Sus, ambaye baadaye alipewa uaskofu. Nchi ilikuwa na amani.

Amani hiyo iliisha 2014. Urusi ilipoitwaa Crimea, kaimu waziri wa ulinzi wa Ukraine aliliambia bunge kwamba kati ya askari 41,000 wa nchi kavu, walio tayari kupigana walikuwa 6,000 tu. Vijana walipelekwa mashariki, kulikozuka vita, bila fulana za kuzuia risasi, na wengine kofia zao za chuma zilikuwa za enzi za Kisovieti. Familia ziliwanunulia zenyewe vifaa hivyo. Parokia nchini, na za Waukraine walio Kanada na Marekani, zilichangisha fedha za fulana, kofia na mikanda ya kubana mkono au mguu uliojeruhiwa ili damu isimwagike. Mapadri wa Lviv wakashika njia kuelekea Donbas, huko mashariki, na vifaa hivyo, na hukohuko wakaungamisha na kuadhimisha misa penye nafasi.

Wapo wanaouliza kanisa lina shughuli gani na vifaa vya vita. Swali ni la haki, na kwangu jibu liko wazi: fulana haimuui mtu. Kazi yake ni kuzuia chuma kisifike kifuani. Padri aliyembariki kijana asubuhi, akijua kwamba kifua chake ki wazi, angemtazamaje mama wa kijana huyo akirudi Lviv? Waumini hawa waliiona baraka na fulana kuwa wajibu mmoja, nami nawaheshimu kwa hilo.

Tangu uvamizi mkubwa wa Urusi wa Februari 2022 kazi nzito zaidi ya kanisa hili ni mazishi. Zipo wiki ambazo majeneza huingia karibu kila siku, pengine zaidi ya moja kwa mara moja. Baada ya ibada msafara hupita uwanja wa soko, tarumbeta hupigwa mbele ya jumba la halmashauri, na watu waliokuwa katika shughuli zao hupiga magoti barabarani. Wengi wamezikwa kando ya makaburi ya Lychakiv. Ndani ya kanisa zimetundikwa picha za waliouawa, kuanzia wale wa 2014.

Kwa miaka mingi mapadri waliowahudumia askari walikwenda mstari wa mbele kwa kujitolea. Sheria iliyopitishwa Novemba 2021 iliwaingiza rasmi jeshini: wana mshahara na cheo cha kazi yao, lakini silaha hawabebi. Parokia nayo haikupumzika. Inawatembelea majeruhi hospitalini, inakaa na wajane na yatima, na michango ya vifaa vya kinga bado inapokelewa.