Mstari wa Ukingoni

Katika barua za serikali ya Tanzania, juu ya salamu, husomeka ibara fupi, "Kumb. Na.", ikifuatwa na herufi na tarakimu zilizotenganishwa kwa mikwaju, na mtu asiyepata kuhudumu katika masjala huipita kama mpita njia apitavyo jiwe la mpaka, ilhali kwa karani haipungui thamani mbele ya sahihi ya mkubwa wake, kwa kuwa sahihi humjulisha ni nani aliyenena, na kumbukumbu humjulisha waraka urejeshwe wapi usije ukapotea.

Desturi ya waraka kubeba habari za makazi yake ni kongwe kuliko kitabu chenye kurasa. Huko Iskandaria, katika karne ya tatu kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, vitabu vilikuwa magombo ya mafunjo, na kwa kuwa gombo lililoviringishwa halina uso wa kusomwa, Wayunani walilitundikia kipande kidogo chenye jina, kikaning'inia nje ya rafu. Naye Callimachus, mwanachuoni wa mji huo huo, akatunga fihirisi ya waandishi na vitabu vyao iliyojaza magombo 120. Baadaye waandishi wa hati za Kiarabu walizoea kuandika, chini ya ukurasa mmoja, neno litakaloanza ukurasa unaofuata, ili karatasi zikitawanyika mjalidi azipange bila ya kubahatisha. Ni neno moja tu, tena dogo, lakini mimi hulistahi sana, kwani halikuandikwa kwa ajili ya msomaji, bali kwa ajili ya usalama wa kitabu.

Utawala wa Waingereza uliifanya kumbukumbu kuwa kanuni. Kila jambo lilipewa jalada, kila jalada nambari, na nakala ya kaboni ya kila barua iliyotoka ililazwa ndani ya jalada lake siku ile ile. Nguvu ya utaratibu huo yaonekana hadi leo katika Nyaraka za Zanzibar, pale Kilimani, ambako mtafiti wa mambo ya ubalozi wa Kiingereza huomba majalada ya mfululizo wa AA, akaletewa karatasi ambazo walioziandika wamekwisha kufariki zamani.

Kompyuta ndiyo iliyotenga karatasi na asili yake. Kaboni ilikuwa na mwili, na jalada lilikuwa na rafu. Bali barua iliyoandikwa ndani ya mashine na kisha kuchapishwa huacha asili yake mahali pasipoonekana kwa macho. Mfumo wa MS-DOS, ulipotoka mwaka 1981, haukujua hata folda. Toleo la pili, la mwaka 1983, ndilo lililoleta folda ndani ya folda, na kwa kuwa mkwaju wa kawaida ulikuwa umekwisha kutumika katika amri nyingine, waundaji wake wakauchukua ule ulioinama nyuma, ambao tungali nao. Jina la faili halikuruhusiwa kuzidi herufi nane, na tatu baada ya nukta, hata lilipokuja toleo la Windows la mwaka 1995; basi karani aliyeandika BARUA12.DOC alikuwa hajasema lolote, mpaka aitaje na njia yote ya kulifikia, tangu herufi ya diski hadi folda ya mwisho.

Kwa sababu hiyo mafundi wa programu waliirudisha kumbukumbu ukingoni. Katika Word, neno FILENAME likiongezewa alama \p huchapa njia kamili ya faili, juu au chini ya kila ukurasa. Kwa Excel, mtu aliyeitaka njia hiyo alilazimika kutunga programu ndogo ya kumfanyia kazi hiyo, hadi toleo la mwaka 2002 lilipompa kitufe. Lakini mstari huo haukurithi uthabiti wa masjala. Faili likihifadhiwa kwa jina jipya, ukingo huweza kuendelea kulitaja lile la kale mpaka uhuishwe. Na katika ofisi iliyounganishwa kwa mtandao, diski ile ile yaweza kuwa F kwa karani mmoja na G kwa mwenzake, hata karatasi iliyotoka mezani kwa wa kwanza ikampoteza wa pili. Nambari ya jalada ilitaja jambo, na jambo halihami. Njia hutaja mahali, na mahali huhama kila mashine inapobadilishwa.

Siku hizi, faili linapokaa katika hifadhi ya mbali, njia hiyo huwa anwani ndefu ya intaneti inayoweza kumeza mistari miwili ya ukingo. Hata hivyo zipo ofisi zinazochapisha yote mawili katika waraka mmoja, kumbukumbu juu na njia chini; na karani anapokuja kuuweka mahali pake, hutazama juu kwanza, akaliendea jalada rafuni, akalifungua, akautoboa waraka, akaufunga kwa uzi pamoja na wenziwe.