Inanga ya Babu Yetu

Sisi tuliozaliwa Buha, katika vilima vya Kasulu na Kibondo, twaijua inanga: ubao uliochongwa kama bakuli refu, na uzi wa kano za ng'ombe umekazwa juu yake mara nyingi. Kabla utawala wa machifu haujakomeshwa mwaka 1963, nchi hii ilikuwa na bami wake: wa Heru huko Kasulu, na wa Muhambwe na Buyungu huko Kibondo. Habari za zamani, za bami na za watu wadogo pia, zilikaa vinywani mwa wazee na katika nyuzi za inanga.

Babu yetu alikuwa mpigaji. Ujanani alikwenda umanamba katika mashamba ya katani huko Tanga. Aliporudi, aliwaimba wenziwe waliofia huko, pamoja na baba zake wa vizazi saba. Nasi wanafunzi tuliona haya, tukidhani ni ushenzi. Aliposhika inanga, tulitoka nje. Hakutukemea.

Alipokufa, tuliulizwa matangani majina ya baba zake. Tukataja matatu, tukanyamaza. Ndipo tulipolia, wala si kwa msiba tu.

Injili ya Mathayo yaanza kwa majina ya wazazi wa Bwana wetu. Basi kuwakumbuka baba si upagani. Ndugu msomaji, kama yuko mzee nyumbani kwako, keti naye jioni hii, uandike. Kalamu itakuwapo hata kesho, mzee, hujui.