Fundi Mmoja, Majina Mawili: Hotirodi za Etobicoke na Matatu za Nairobi

Baridi ikiisha Toronto, milango ya gereji za nyumbani hufunguliwa kotekote Etobicoke, kuanzia Mimico na Long Branch kando ya Ziwa Ontario hadi Rexdale kule kaskazini. Katika baadhi ya gereji hizo utaona Ford au Chevrolet ya zamani imepandishwa juu ya jeki, boneti imetolewa, injini imeshushwa, na mwenyewe amelala chini ya gari na spana mkononi. Gari la namna hii huitwa hotirodi. Ni gari kuukuu lililopunguzwa uzito, likakatwa hapa na kuunganishwa pale, kisha likatiwa injini yenye nguvu kuliko ile lililozaliwa nayo.

Sisi tunaoandika makala haya tumekulia katika mitaa hiyo, lakini Kiswahili chetu kimetoka kwa wazazi wa Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam na Bukavu. Kwa hiyo tukiona gari la aina hiyo tunakumbuka habari nyingine tulizosimuliwa nyumbani: pikapu iliyokatwa ikawa matatu, lori lililojengewa bodi ya mbao likawa daladala ya Unguja, mkweche uliofufuliwa na fundi chini ya mwembe. Kazi ni ileile. Lakini anayeifanya Etobicoke huitwa mpenzi wa magari ya kihistoria, na anayeifanya Nairobi huitwa mtu wa sekta isiyo rasmi. Tumejaribu kuuliza historia jinsi majina haya mawili yalivyopatikana.

Tuanze na gari lenyewe. Mwaka 1932 Kampuni ya Ford ilitoa gari la bei nafuu lenye injini ya V8, yaani silinda nane zilizopangwa kwa umbo la herufi V. Kabla ya hapo injini ya silinda nane ilikuwa mali ya matajiri. Hii ya Ford ilikuwa na nguvu za farasi 65 tu, lakini ilikuwa nyepesi na rahisi kuichezea. Vijana wa California walinunua Ford zilizotumika, wakang'oa vilinda matope na kila kisichohitajika, wakabadilisha kabureta, kisha wakaenda kushindana kwa mwendo kwenye maziwa yaliyokauka. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana na kuunda chama cha kusimamia mashindano hayo. Januari 1948 Robert E. Petersen alianzisha jarida la Hot Rod, na ufundi huo ukaenea Marekani yote na kuvuka mpaka kuingia Kanada.

Injini hiyo ilikuwa na kasoro ambayo kila fundi aliijua. Vali zake zilikaa ndani ya bloku, kando ya silinda, na moshi wa moto ulipita katikati ya bloku kabla ya kutoka nje. Maji ya rejeta yakachemka upesi. Fundi aliyetaka kuongeza nguvu alilazimika kwanza kufikiria namna ya kuipoza injini. Ndiyo maana, Chevrolet ilipotoa V8 yake ndogo mwaka 1955, mafundi wengi waliihamishia ndani ya Ford kuukuu. Kuhamisha injini si kuinua na kutua. Mikono ya injini haifanani, gia boksi haikubali, shafti ni ndefu au fupi, na breki za zamani haziwezi kulisimamisha gari jipya. Kila badiliko moja huzaa mengine matano.

Sasa tuvuke bahari, na njia ya kuvukia ipo hapahapa Ontario. Kampuni ya Ford ya Kanada ilianzishwa mwaka 1904 huko Walkerville, mji ambao leo ni sehemu ya Windsor, ng'ambo ya mto kutoka Detroit. Mkataba wake uliipa haki ya kuuza magari Kanada na katika dola ya Waingereza, isipokuwa Uingereza yenyewe na Ireland. Nchi za Afrika Mashariki zilizotawaliwa na Waingereza zilikuwa ndani ya soko hilo. Ndiyo kusema kwamba wafanyakazi wa Ontario walikuwa wakitengeneza magari yenye usukani upande wa kulia, magari ambayo wao wenyewe wasingeyaendesha, ili yapakiwe melini na kupelekwa mbali. Tulipolisoma hili tulishangaa. Tulizoea kudhani kwamba familia zetu ndizo zilizoziunganisha Ontario na Afrika Mashariki, kumbe magari yalitangulia.

Vita vya Pili vya Dunia viliukaza uhusiano huo. Kanada iliunda zaidi ya magari 800,000 ya kijeshi, mengi yao yakiwa malori ya Ford na Chevrolet. Askari walifundishwa kuyaendesha, kuyafungua na kuyafunga tena, mara nyingi porini pasipo na vipuri. Upande wa Afrika Mashariki, maelfu ya vijana Waafrika waliingia katika kikosi cha usafirishaji cha jeshi, wakajifunza udereva na umakanika. Upande wa Kanada mambo yalikuwa hayohayo. Vita vilipoisha mwaka 1945, pande zote mbili zilipokea wanaume waliojua kuisikiliza injini na kutambua inaumwa wapi. Tofauti ilikuwa katika kile walichokikuta nyumbani.

Aliyerudi Etobicoke alikuta kazi ya kiwandani na nyumba mpya. Kiwanda cha matairi cha Goodyear kilikuwapo New Toronto tangu 1917, na kikaendelea hadi 1987. Mwaka 1953 Ford ilifungua kiwanda kikubwa Oakville, safari fupi kwa gari kuelekea magharibi. Katika miaka hiyohiyo mashamba ya Rexdale yaligeuzwa mitaa ya nyumba, nyingi zikiwa na njia ya gari na nafasi ya gereji. Mshahara wa kila juma, Jumamosi isiyo na kazi na paa la kuzuia theluji: hayo matatu ndiyo yaliyoizaa hotirodi ya nyumbani. Ford ya 1932 wakati huo ilikuwa gari la bei ya chini kabisa. Haikuwa hazina ya kuwekwa kwenye maonyesho.

Aliyerudi Kenya alikuta ardhi imechukuliwa na mji unaomtaka kipande mkononi. Hakupewa nyumba yenye gereji. Ujuzi wake ulifanya kazi mahali palipopatikana: kwenye gereji ya mwajiri Mzungu au Mhindi, au barabarani. Tusisahau pia kwamba gereji nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa za Masingasinga, ambao wengi huwaita Makalasinga. Jamii hiyo ilikuwa na mafundi wengi tangu enzi ya ujenzi wa reli ya Uganda.

Mmoja wa jamii hiyo alikuwa Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, mwaka uleule wa Ford V8. Alijifunza ufundi katika gereji ya baba yake. Mwaka 1953 mashindano ya Safari yalifanyika kwa mara ya kwanza, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 Joginder na ndugu yake Jaswant waliyashinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika na timu ya kiwanda kabla yao. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi, na watu wakamwita Simba. Umaarufu wake ulitokana na uendeshaji, lakini msingi ulikuwa gerejini: alijua nini kitavunjika kabla hakijavunjika. Kama kuna mtu wa Afrika Mashariki ambaye wazee wa hotirodi wa Etobicoke wangemwelewa bila mkalimani, ni yeye.

Lakini ufundi wa wengi haukuwa wa mashindano. Ulikuwa wa nauli. Matatu zilianza kama magari kuukuu yaliyobeba abiria bila leseni, na jina lao lilitokana na mapeni matatu, yaani senti thelathini, zilizokuwa nauli ya awali. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu kubeba abiria bila leseni ya usafiri wa umma. Hapo mafundi wakapata kazi kwelikweli. Pikapu ya Peugeot 404 iliingia gerejini ikatoka na bodi ya bati, mabenchi mawili yanayotazamana na mlango wa nyuma. Springi ziliongezwa majani ili zibebe uzito ambao kiwanda hakikuufikiria. Chuma kilikatwa kwa mkono, kikachomelewa na kunyooshwa kwa nyundo juani. Jua hilo ndilo lililowapa mafundi jina la jua kali. Mwaka 1985 Rais Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, aliahidi kuwajengea vibanda vya kuwakinga.

Tazama basi jinsi majina yalivyogawanyika. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa taarifa juu ya Kenya, na taarifa hiyo ndiyo iliyolieneza duniani neno la sekta isiyo rasmi. Waandishi wake waliwatetea mafundi hao na kusema kwamba kazi yao ina tija. Hata hivyo jina lenyewe liliwabandika sifa ya kukosa: kukosa leseni, kukosa paa, kukosa karatasi. Fundi wa hotirodi naye alikuwa hana leseni wala karatasi, ila alikuwa na paa. Hakuna aliyemwita mtu asiye rasmi.

Sheria ya Ontario inaongeza kichekesho chake. Ili gari litambuliwe kuwa la kihistoria kisheria, ni lazima liwe na umri wa miaka 30 au zaidi, na lisiwe limebadilishwa sana kutoka lilivyotoka kiwandani. Kwa kipimo hicho hotirodi halisi si gari la kihistoria, na matatu haingekuwa kamwe. Sisi tunaona kinyume chake. Gari lisiloguswa linatuonyesha kazi ya kiwanda cha mwaka mmoja. Gari lililokatwa na kuunganishwa linatuonyesha kila mkono uliolishika, kila upungufu wa vipuri na kila hitaji jipya. Weldi ni maandishi, kwa anayejua kuyasoma.

Hatusemi kwamba kila kilichochomelewa ni kizuri. Matatu zilizojazwa kupita kiasi zimeua watu wengi, na ndiyo sababu mwaka 2004 serikali ya Kenya ilianza kutekeleza kanuni za Waziri John Michuki: mikanda ya usalama, kidhibiti mwendo na mstari wa manjano ubavuni. Hotirodi nazo ziliua vijana waliokuwa wakishindana mabarabarani, na mwaka 1951 Wally Parks alianzisha chama cha kuwapeleka kwenye viwanja vyenye kanuni. Pande zote mbili zilihitaji kurekebishwa. Lakini upande mmoja ulirekebishwa kwa kupewa uwanja na jarida, na mwingine kwa msako na faini.

Jambo hili si la Nairobi peke yake, wala si la zamani tu. Ontario ni lazima uwe na cheti ili utengeneze magari ya watu kwa malipo. Anayetengeneza gari lake mwenyewe nyumbani haulizwi kitu. Sheria hiyo ina sababu zake, kwa kuwa breki mbovu ni hatari. Ipo pia njia ya kutathminiwa kwa aliyejifunza ng'ambo, ila inadai uthibitisho wa kazi ya miaka mingi. Aliyeanza kama spanaboi chini ya mti hakupewa barua na mti. Kwa hiyo wapo wajomba na baba zetu wadogo wanaoendesha teksi au kupanga mizigo katika maghala, na ambao jioni hujua kwa sauti tu kwamba gasketi ya jirani imeungua. Ujuzi wao unaitwa msaada wa kindugu. Ujuzi wa mwenye hotirodi nyumba ya tatu unaitwa urithi.

Kwa chama chetu kuna hasara nyingine, nayo ni ya lugha. Katika masomo yetu tunajifunza methali na ngeli, lakini wachache wetu tunajua kusema klachi inateleza, au gari linakula oili, au plagi zimelowa. Maneno hayo yamebeba historia yote tuliyoieleza hapo juu. Gari limetoka Kihindi. Spana, jeki na gia zimetoka Kiingereza. Usukani ni wa kale zaidi: ulikuwa wa jahazi kabla haujawa wa motokaa. Mabaharia wa pwani waliushika karne nyingi kabla ya Walkerville kuwako, na gari lilipofika, Waswahili hawakuona haja ya kuazima neno jingine.

Tunapendekeza kila mwanachama amtafute fundi mmoja, wa nyumbani au wa mtaani, aandike maneno yake ishirini ya gerejini, mahali alipoyajifunza na nani aliyemfundisha. Asimwombe cheti. Tukikusanya orodha hizo tutakuwa na kumbukumbu ambayo haimo katika maktaba ya chuo, na wenye kuitoa watakuwa wameitwa kwa jina lao. Fundi na mwanafunzi ni maneno ya shina moja. Mmoja hakamiliki bila mwingine, na kwa sasa sisi ndio tunaodaiwa.