Padri ana ufunguzi wake, fundi wa bao hana hata jina

Mwaka 1972, jijini Reykjavik, Iceland, dunia ilikodolea macho meza moja. Huku Bobby Fischer wa Marekani, kule Boris Spassky wa Umoja wa Kisovieti, wanagombea ubingwa wa dunia wa sataranji. Mchezo wa 10 Fischer alianza hivi: askari mbele vyumba viwili, farasi akatoka, kisha askofu akaenda kumbana farasi wa mpinzani. Akashinda.

Ufunguzi huo unaitwa Ruy López, jina la padri wa Kihispania aliyeuchambua kwenye kitabu chake cha mwaka 1561. Padri kafa zamani, lakini jina bado liko mezani.

Sasa turudi kwetu, wadau. Sataranji ina vyumba 64, bao la Kiswahili lina kete 64. Na ufunguzi lipo nao, unaitwa namua. Kila mchezaji anaanza na kete 10 tu ubaoni, 6 kati ya hizo zimekaa kwenye nyumba, na 22 ziko mkononi. Zinaingizwa mojamoja, na hapo ndipo vita inaanza: uilinde nyumba yako au uicheze mapema? Ukikosea hapo, jioni yako imeisha. Kete za mkononi zikikata, mtaji unaanza.

Na msidhani ni mchezo wa wasio na kazi. Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi wa bao. Mholanzi Alex de Voogt aliwafuatilia mafundi wa Zanzibar, na mwaka 1995 akatoa utafiti wake kuhusu namna wanavyopiga hesabu ndefu kichwani tu.

Tofauti iko wapi? Karatasi. Kwenye mashindano ya sataranji kila hatua inaandikwa, ndiyo maana mchezo wa Fischer unaweza kuurudia leo kwenye simu, hatua kwa hatua. Fundi wa barazani anafunga mtaa mzima, watu wanapiga kelele, kete zinakusanywa, kwisha habari. Akizikwa, namua yake inazikwa naye.

Basi likizo hii, ukienda kwenu, iwe Lumuma kule Kilosa au Mji Mkongwe, mtafute mzee mmoja. Mpe shikamoo, kaa chini, omba ruhusa, washa kamera. Halafu muulize jina lake.