Altare na Jukwaa: Mang'amuzi ya Ng'ambo Mbili za Mto Kagera



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili tunapenda kuitazama historia yetu, sisi tunaoishi Nyakisasa na pande zote za Ngara na Biharamulo, tukijiuliza: dini inaponena habari za utawala wa nchi, ni nani anayemtumia mwenzake?

Tuanze nyumbani. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, Serikali ilihitaji sauti zinazoaminiwa vijijini, na hazikuwa nyingi zilizoaminiwa kama ya padre na ya katekista. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere, naye Mkatoliki, aliwaambia Masista wa Maryknoll huko New York kwamba Kanisa lisipopambana na mifumo inayowafanya watu kuwa maskini, halitakuwa na maana kwao tena.

Jimbo la Rulenge lilikuwa na mtu aliyekwisha kuyaamini hayo. Mhashamu Christopher Mwoleka, Askofu tangu 1969 hadi 1996, alifundisha kwamba Utatu Mtakatifu si fumbo la kukisiwa bali ni mfano wa kuigwa: Nafsi tatu zinashirikiana vyote, basi nasi tushirikiane. Kwake ujamaa ulikuwa njia ya kuuishi Utatu huo. Wala hakuishia kuhubiri; aliomba kupokewa katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akashika jembe pamoja na wanakijiji.

Tunamheshimu sana kwa hilo. Hata hivyo, Novemba 1973 ilitoka amri kwamba hadi mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wamehamia vijijini, na mahali pengine nchini nyumba zilichomwa ili wenyewe wasirudi. Hiari ikageuka shuruti, neno likabaki lile lile. Muumini aliyelisikia neno "ujamaa" kwa mwenyekiti wa TANU siku ya Jumamosi, kisha kanisani siku ya Jumapili, angetofautishaje wito na amri? Na kama hakutaka kuhama, angemlilia nani?

Tuvuke sasa mto, maana majirani zetu walilipa gharama kubwa zaidi. Katika Kwaresima ya 1959 Askofu André Perraudin wa Kabgayi, Rwanda, alitoa barua ya kichungaji juu ya upendo na haki. Kudai haki kulikuwa kwema. Lakini barua ilizihusisha mali na madaraka na "mbari" moja, na wanasiasa wakaisoma walivyotaka. Grégoire Kayibanda, aliyepata kuwa mhariri wa gazeti la Kanisa, Kinyamateka, aliongoza chama cha Parmehutu na baadaye akawa Rais. Novemba mwaka huo huo damu ilimwagika. Wazee wetu wanaikumbuka Muyenzi, hapa hapa Ngara, ambako wakimbizi wa miaka ile walipewa makazi.

Chini ya Rais Habyarimana, Askofu Mkuu Vincent Nsengiyumva wa Kigali aliketi kwa miaka mingi katika Kamati Kuu ya MRND, chama pekee cha siasa nchini. Hapo ndipo tunapoiona tofauti. Mwoleka alipoikaribia siasa alipoteza starehe za uaskofu. Mwenzake alipata kiti. Askofu mwenye kiti chamani atakikemeaje chama?

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakatua Benaco. Wengi wao walikuwa wamebatizwa kama sisi. Walikuwamo wasio na hatia na walikuwamo wauaji, na kambini viongozi wale wale wa vitongoji walijipatia tena mamlaka, hata juu ya ugawaji wa chakula. Nchini Rwanda watu waliokimbilia makanisani walikuwa wameuawa humo humo. Askofu Mkuu Nsengiyumva mwenyewe aliuawa na askari wa RPF mwezi Juni mwaka huo.

Ilichukua miaka 23 hadi Baba Mtakatifu Fransisko, Machi 2017, alipomwomba Mungu msamaha mbele ya Rais Kagame kwa dhambi za Kanisa na za watoto wake, wakiwamo mapadre na watawa.