Makefile

Makefile ni faili la maandishi linaloiongoza programu ya Make katika kuunda programu nyingine kutoka kwenye msimbo wake. Katika lugha kama C, kila faili la msimbo hutafsiriwa na kompaila, kisha vipande huunganishwa.

Make iliandikwa na Stuart Feldman mwaka 1976 katika maabara za Bell nchini Marekani. Mwenzake, Steve Johnson, alikuwa amepoteza asubuhi nzima akisaka kosa alilokwisha kulisahihisha. Faili lenyewe halikuwa limetafsiriwa upya.

Tuseme kuna programu ya kuhesabu mikoko ya delta ya Rufiji:

mikoko: hesabu.o ramani.o
	cc -o mikoko hesabu.o ramani.o

Kabla ya nukta mbili ni kinachotakiwa, baada yake vinavyohitajika, na chini ni amri. Namna ya kupata faili la .o kutoka .c Make inaijua yenyewe. Mwanafunzi akihariri hesabu.c pekee, ramani.c haitafsiriwi tena.

Mstari wa amri huanza kwa tabo, si kwa nafasi za kawaida. Feldman aliuona udhaifu huo mapema, ila watumiaji wapatao 12 walikwisha kuzoea, naye hakutaka kuwavuruga. Wanafunzi wanaulipia hadi leo.

Make hulinganisha saa ambazo mafaili yalibadilishwa. Katika maabara ya shule, iwe Kibiti au Dar es Salaam, kompyuta kuukuu iliyoishiwa betri ya saa hurudi miaka ya nyuma umeme unapokatika. Hapo faili lililohaririwa leo huonekana la zamani, na Make huliruka. Saa isahihishwe kwanza, kisha faili lihifadhiwe upya. Katika GNU Make, amri make -B huunda vyote tangu mwanzo.