Utendi wa Mwindo na Vizazi vya Wanyanga

Wanyanga ni jamii ya wawindaji na wakulima wa misitu ya Walikale, Kivu ya Kaskazini, nchini Kongo. Katika fasihi simulizi yao, utendi huitwa karisi. Karisi inayojulikana zaidi ni ya Mwindo. Baba yake, Shemwindo, alitaka kuzaa mabinti tu, hivyo mwana wa kiume alipozaliwa alimfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto aliokoka, akafika kwa shangazi yake Iyangura, akamfuata baba yake hadi kuzimu, na mwishowe wakapatana.

Insha hii inaonyesha kwamba karisi imekuwa ikibadilika daima. Kinachoitishia leo ni kukatika kwa njia ya kuirithisha.

Zamani mtambaji hakusimulia peke yake. Vijana walikaa kando yake wakipiga vijiti na kuitikia nyimbo, na kwa kuitikia walijifunza. Hawakukariri maneno yasiyobadilika, kwa hiyo kila mtambaji aliongeza au kupunguza. Tena, haikuwa desturi kusimulia utendi mzima kwa mfululizo. Mtambaji alichagua sehemu.

Mwaka 1956 mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck alimwomba mtambaji Candi Rureke asimulie yote tangu mwanzo hadi mwisho. Kazi hiyo ilichukua siku 12. Rureke aliimba, akacheza na kuigiza. Pengine alimgeukia mwandishi na kumhimiza aendelee, hata mwandishi naye akaingia katika masimulizi. Maandishi hayo yalichapishwa Marekani mwaka 1969, kwa Kinyanga na Kiingereza, kwa ushirikiano wa Biebuyck na mwanaisimu Mnyanga, Kahombo Mateene.

Kitabu hicho kimehifadhi mengi, lakini kimeleta tatizo pia. Msomaji hudhani kwamba Mwindo wa Rureke ndiye Mwindo pekee. Mwaka 1978 Biebuyck alichapisha tendi nyingine za Wanyanga, na hizo zinathibitisha kwamba matoleo yalikuwa mengi. Isitoshe, ukurasa hauwezi kubeba ngoma wala mwitikio wa hadhira.

Tangu 1993 vita vimewahamisha watu wengi wa Walikale. Wazee wakibaki upande huu na wajukuu wakikimbilia upande mwingine, mtambaji hukosa waitikiaji, na waitikiaji ndio watambaji wa kesho. Mtoto anayekulia Goma huzungumza Kiswahili mtaani na sokoni, na Kinyanga cha bibi yake huenda akakisikia kwa nadra.

Je, tafsiri ya Kiswahili itatosha? Itasaidia, kwa kuwa itamfikia mtoto huyo kwa lugha anayoielewa. Hata hivyo, itakuwa kitabu kingine tu iwapo hakuna anayeitamba. Rureke alijifunza kwa kukaa kando ya waliomtangulia. Kwa hiyo, shule na vyuo vya Kivu vinapaswa kuwaalika watambaji waliobaki pamoja na kuwaandikia, na wanafunzi wapewe vijiti mkononi waitikie.